Njegere ya Maua Iliyoota Kaburini

Siku mliyoniaga mliniimbia, mkanikatia keki, mkanipa na saa ya ukutani, ingawa kuanzia siku hiyo sikuwa tena na mahali pa kuchelewa. Mkaniomba niwaachie neno. Nilisimama mbele ya miche ya parachichi, nikasema asanteni na kuketi. Neno lenyewe ndilo hili. Nimeliandika polepole, mezani kwangu Shirimatunda. Neema, wewe uliyeachiwa funguo za ghala la mbegu ndiye ninayekuona ninapoandika, lakini wasomee na wenzako.

Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Cheo changu kilikuwa kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, na mshahara masista wanaujua.

Sikuzaliwa mlimani. Baba alitoka Singida kuja kukata miwa kule tambarare, nami nikakulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya sukari. Kule mlima tuliuona kila asubuhi bila kuwa na sababu ya kuupanda. Nilipopata sababu nilikuwa msichana aliyemaliza shule bila kazi, na padre wetu akasikia kwamba masista wa Uru wanatafuta mtu wa kitaluni. Nilipanda nikiwa nimevaa ndala. Ilikuwa Julai. Wenyeji walinitazama miguu wakanihurumia, na mpaka leo nikisikia neno baridi, kinachonijia kwanza ni vidole vyangu vya siku ile.

Aliyenipokea ni Sista Kolumba, mwenyeji wa hukohuko Uru, mfupi, mwenye buti za mvua chini ya kanzu yake. Nilimwamkia, "Tumsifu Yesu Kristo." Akajibu, "Milele na milele, amina. Nawa mikono." Alinikalisha kwenye kigoda, akanipa ungo uliojaa maua makavu ya zinia, akaniambia nitenge mbegu na makapi. Kisha akaenda zake. Nilifanya kazi kwa bidii ya mtu aliyeomba kazi. Kufikia saa sita nilikuwa na fungu safi kabisa upande mmoja, na takataka nimewamwagia kuku.

Sista alirudi, akachukua fungu langu kwenye kiganja, akalipuliza. Likapaa lote. Mbegu ya zinia haina sura ya mbegu, ni kibapa cha kijivu kisichomvutia mtu, na mimi nilikuwa nimetunza makapi nikawapa kuku mbegu. Nilingoja anifukuze. Akasema tu, "Kesho tutaanza na alizeti, ile hata wewe utaiona." Kuku walikula zinia yote ya mwaka ule. Mayai hayakubadilika rangi.

Kwake nilijifunza yote ninayoyajua. Mbegu usiivune na umande, ngoja jua lifike kwenye magoti na majani yakauke. Usiianike juu ya bati, utaichemsha. Usiihifadhi kwenye mfuko wa plastiki, maana inapumua, na pumzi yake yenyewe ndiyo itakayoiozesha. Karatasi ya gazeti kwanza, kisha chupa kavu, na majivu kidogo ya kuwafukuza wadudu. Mbegu zenye ganda gumu, kama njegere na jamaa zake, usizipande hivihivi, zitalala tu ardhini. Zisugue kwanza kwenye jiwe au msasa, mpaka ganda likwaruzike na maji yapate pa kuingilia. Zaidi ya yote, usivune mbichi. "Subira yavuta heri," alikuwa akisema, "na haraka inavuta maganda matupu." Sista alifariki zamani, na bado nikishika ganda la mbegu namsikia.

Wengi wenu mlikuta kitalu kikiishi kwa parachichi na kabichi, kwa hiyo kazi ya maua ya zamani mliiona ni mchezo wa bibi mmoja. Haikuwa mchezo. Madukani mjini kuna pakiti zenye picha nzuri kuliko ua lenyewe. Unapanda, yanachanua, makubwa, ya kupigia picha za harusi. Ukivuna mbegu zake na kuzipanda tena, unapata kitu kingine au hupati kitu. Mengi hayana hata harufu. Ndiyo maana kila mwaka alikuja mtu, mara nyingi mwenye mvi, akauliza kama tunalo lile ua lililokuwa mbele ya nyumba ya mama yake. Jina halijui. Anajua tu kwamba lilikuwa jekundu, au lilikuwa linafunga jioni.

Nilijifunza kuwasikiliza mpaka mwisho. Mzee mmoja alinieleza ua lake asubuhi nzima, jeupe, la mviringo, limesimama kwenye fimbo moja ndefu. Nilitafuta miezi mingi. Siku moja nikapita shambani kwa jirani yangu nikaliona: kilikuwa kitunguu kilichosahauliwa kuvunwa. Nilimpelekea, naye akafurahi hadi machozi. Sikumwambia, na nyinyi msimwambie.

Maua ya zamani msiyatafute kwenye bustani. Bustani hupaliliwa na kubadilishwa kila anapokuja mkwe mpya. Tafuteni nyuma ya shule kongwe, kando ya mifereji ya maji, kwenye nyumba za mashamba ya kahawa zilizobaki kuta. Tafuteni pia makaburini. Huku watu huzikwa kwenye kihamba, shamba la ukoo la nyumbani, katikati ya migomba na kahawa, na udongo wa kaburi huachwa kwanza utulie kabla ya kujengewa. Katika muda huo huota vitu.

Sasa nifike kwa Restituta, maana ndiye aliyenifanya niandike.

Alikuwa fundi cherehani mjini, amepanga vyumba viwili Mawenzi, mwanamke wa miaka yangu, mnyoofu wa mgongo na wa maneno. Alikuja kitaluni mwaka mmoja kabla sijastaafu. Alitaka ua la mama yake, aliyekuwa amefariki miezi michache nyuma. Lilitambaa juu ya matawi makavu ya kahawa, alisema, rangi yake juu zambarau nzito na chini buluu, dogo tu, lakini ukipita asubuhi harufu inakushika nguo. Nilijua palepale. Sisi tuliliita njegere ya maua, kwa sababu ganda na mbegu zake ni za jamii ya njegere, ingawa haziliwi. Lile la aina ya zamani nilikuwa nalo kitaluni wakati wa Sista Kolumba. Lilipotea mwaka ambao mvua haikukatika na maganda yote yakaoza kwenye mmea.

Nilimpandia kwanza la pakiti. Lilichanua la rangi ya waridi, kubwa, la kupendeza. Restituta aliinama akalinusa, akanusa tena, akaniambia asante kwa adabu ya mtu aliyepewa chai isiyo na sukari. Baada ya hapo hakuacha kuja. Kila alipomaliza kazi Jumamosi alipanda mpaka kitaluni kuuliza, na mimi nikaendelea kutafuta.

Kidogokidogo nilijua kilichokuwa nyuma ya ua hilo. Siku ya kumzika mama yao, mbele ya watu wote, Restituta alimwambia mdogo wake Deogratias, "Mama hajafa kwa ugonjwa. Amekufa kwa uvivu wako." Mama alikuwa ameugua ghafla usiku, na Deo, kitinda mimba aliyerithi kihamba na kumtunza, alimfikisha hospitali kumekucha. Neno hilo lilisemwa udongo ukiwa haujarudishwa kaburini. Baadaye Restituta alisikia kutoka kwa watu wengine kwamba usiku ule mvua ilikuwa imekata njia, na kwamba Deo alimbeba mama mgongoni kwenye tope mpaka barabara kubwa. Alilijua hilo mwaka mzima. Hakurudi kumwambia mdogo wake chochote. Alikuwa anatafuta ua.

Novemba nilipanda sehemu za juu za Uru kumjulia hali mgonjwa. Nilikuwa napita kando ya mfereji wakati harufu iliponishika. Nilisimama kama mtu aliyeitwa kwa jina. Nikaifuata kati ya migomba mpaka kwenye makaburi mawili, moja la zamani lenye msalaba wa mbao na jingine jipya, na juu ya yote mawili njegere ya maua ilikuwa imetambaa hadi kwenye mikahawa, zambarau juu, buluu chini. Nilipiga magoti nikalia, siwafichi. Mama aliyezikwa pale lazima aliwahi kuipanda kwenye kaburi la mumewe. Mbegu zikalala na maganda yake magumu, na walipochimba kaburi lake yeye, majembe yakazikwaruza na kuzipindua.

Nilipasua ganda moja. Ndani mbegu zilikuwa bado maji. Zilihitaji wiki tatu, labda nne.

Mwenye kihamba alitokea na panga mkononi, mwanamume mkubwa mwenye sauti ndogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Samahani, nimeingia bila hodi. Ni haya maua."

"Hayo majani?" Akacheka. "Wiki ijayo Jumatatu mafundi wanakuja, tunajengea makaburi, tunaweka vigae. Ndugu wote wanapanda Krismasi. Watamkuta baba amelala porini?"

Nilimwomba asubiri. Akasema mafundi akiwaachia sasa hatawapata tena mpaka Pasaka, kwa sababu Desemba kila kihamba kinajenga makaburi. Hilo ni kweli, mnalijua. Nilipouliza jina lake, akasema anaitwa Deogratias. Nikajua niko kwa nani, na sikumtaja dada yake.

Restituta nilipomwambia alikaa chini kwenye gunia la mbolea. Akasema tuje alfajiri wakati Deo yuko misani, tuchume yote. Nikamwambia mbegu haiibiwi. Ukiichuma mbichi umeiba ganda, na mizizi ya mmea huu haipendi kuguswa, ukiuhamisha unakufa njiani. Hakuna njia isipokuwa mwenyewe akubali kungoja.

Hapo ndipo nilipofanya langu. Mtu akikaa kwenye nchi ya watu muda mrefu hujiona mwenyeji. Nilikuwa nimeona mara nyingi jani la isale, lile refu la kijani linalopandwa kuzunguka vihamba kuwa mpaka. Niliona likipelekwa mtu anapoomba, na niliona kwamba apewaye isale hakatai. Nikakata moja kwenye wigo wa kitalu, nikalifunga fundo kama nilivyoona wakifunga, nikaenda kwa Deo kumwomba wiki tatu.

Alipoliona mkononi mwangu alivua kofia. Alimwita mke wake atoke jikoni. Uso wake ulibadilika hata nikaogopa. Akauliza polepole, "Mama, hili limetoka mkononi mwa nani?"

Ningeweza kusema limetoka kwa Restituta. Lakini nilisema kweli. "Nimelikata mwenyewe, baba. Ni kwa ajili ya yale maua."

Alivaa kofia yake. "Wewe umenikosea nini?"

"Sijakukosea, baba."

"Basi rudi nalo. Isale linabebwa na aliyekosa, anakuja kuomba radhi. Halitumwi kuombea majani." Kisha akasema kwa uchungu, si kwangu hasa, "Nilidhani ni dada."

Mke wake alinisindikiza mpaka njiani.

Nilimweleza Restituta yote kama yalivyotokea. Alinikasirikia kwanza, akasema nimecheza na kitu cha watu. Alikuwa na haki. Halafu akauliza, "Alisema hivyo? Kwamba alidhani ni mimi?" Nikamwambia ndiyo, na kwamba alikuwa amevua kofia. Aligeuka akatazama miche, na mimi nikajifanya nahesabu vikopo.

Jumapili baada ya misa alinipitia. Alikuwa amevaa kitenge kipya alichoshona mwenyewe, na mkononi ana isale. "Twende," akasema. "Ulikuwepo kwa lile la uongo, uwepo na kwa hili." Tulipofika kwenye mfereji alisimama. "Mama Mbegu, usitaje maua. Hata kidogo."

Deo alikuwa amekaa nje na mkewe. Alipomwona dada yake hakusimama. Alitazama isale, kisha akanitazama mimi, na nikaelewa nilichokuwa nimefanya. Jani lilelile, wiki ileile, na nyuma yake mwanamke yuleyule wa mbegu.

"Dada," akasema. "Umekuja kwa ajili ya yale maua?"

Kutoka pale tulipokuwa yalionekana. Harufu ilikuwa imejaa uani. Maganda yalikuwa yameanza kuvimba, na mimi nayajua maganda, mbegu zilikuwa zinaelekea kukaza. Restituta hakugeuza hata jicho.

"Hapana, Deo. Nimekuja kwa ajili ya neno nililosema siku ya mama."

"Kesho mafundi wanaanza."

"Waanze."

Nilijiuma ulimi. Wiki tatu tu, nilitaka kupiga kelele, wiki tatu! Nilikuwa nimetumia maisha yangu yote kutafuta vitu vya namna ile, na kile kilikuwa mbele yangu, kizima, cha mwisho ninachokijua. Lakini yule mwanamke aliyekuwa mkubwa wake kwa miaka mingi alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi na kitenge chake kipya, isale kwenye viganja viwili, akisema, "Nilisikia ulivyombeba. Nilisikia zamani. Kiburi ndicho kilichonizuia. Nisamehe, mdogo wangu."

Deo alisimama, akalichukua isale kwa mikono yote miwili, akamwinua. Akaanza kulia kwa sauti, mwanamume mkubwa vile. "Alikuwa mwepesi, dada," akawa anasema. "Alikuwa mwepesi kama mtoto, njia nzima ananiuliza kama nimechoka." Mke wake alileta mbege, pombe ya ndizi, kwenye kata. Alikunywa Deo, akampa dada yake akanywa palepale alipokunywa yeye, na mimi nikapewa wa mwisho. Nilikunywa nikitazama makaburi.

Jumatatu Restituta alifunga cherehani yake na kupanda kumsaidia wifi yake kusafisha, maana ni kazi ya binti wa nyumba. Aliing'oa njegere kwa mikono yake mwenyewe kabla mafundi hawajachanganya saruji, akawatupia ng'ombe. Niliyasikia haya kwa wengine, mimi sikwenda. Nilijifungia ghalani nikalia. Niliwafurahia wale ndugu, Mungu anajua, lakini machozi yalikuwa ya mbegu, na sioni aibu kusema hivyo mbele ya watu wa kazi yangu.

Makaburi sasa yana vigae vyeupe, safi, na maua ya plastiki ambayo hayanyauki wala hayanukii. Tangu hapo nimetafuta nyuma ya kila shule na kila ukuta ulioanguka kuanzia Uru mpaka chini, na lile ua sijaliona tena. Neema, ukilikuta, utalijua kabla hujaliona. Ngoja mbegu zikaze. Na kama liko kwa mtu, mwombe kwa mdomo, mikono mitupu.

Nilikutana na Restituta mara moja tu kabla sijastaafu. Alikuja kitaluni siku ya kazi, si Jumamosi kama zamani, na nilikuwa nimeiogopa siku hiyo. Nilimwomba radhi kwa lile jani langu, kwamba kama nisingetangulia nalo, pengine angepata vyote viwili. Nikamuuliza kama hajutii maua ya mama.

"Mama Mbegu," akasema, "ningeyapata, ningeyapanda wapi?"

Akafungua kapu lake, akaniambia nimpimie miche ya kabichi, ile inayofunga vizuri, maana Deo amemtuma na anamngoja kule juu kabla mvua haijaanza.